Maharage ya Rojo na Wali kwa Mafuta Kidogo: Kinachoharibika na Jinsi ya Kukirekebisha

Malalamiko kuhusu maharage hapa Uganda yanafanana, uwe Kalerwe, Busia au Kasese. Hayaivi. Mchuzi umekaa kama maji ya kunawia. Nimepunguza mafuta, sasa hayana ladha. Wali nao una kesi zake: chini umeungua, juu mbichi. Wengi wakikwama hapo humimina mafuta, na mafuta kweli hufunika makosa kwa muda. Lakini rojo halitoki kwenye mafuta. Linatoka kwenye wanga ulio ndani ya punje, na wanga huo hauachilii mpaka punje iive hadi kiini na baadhi ya punje zipondwe.

Maelezo haya yanachukulia chungu cha kawaida cha nyumbani: nusu kilo ya maharage makavu, kitunguu, nyanya, viungo, na kijiko kimoja tu cha chakula cha mafuta. Kijiko hicho ni kama gramu 14, kalori 120 hivi, kwa sufuria nzima. Maharage matupu yaliyochemshwa hayana hata gramu moja ya mafuta katika gramu 100, kwa hiyo mafuta yote yatakayokuwa kwenye sahani umeyatia wewe. Pwani wanapata ulaini kwa tui la nazi, na ni matamu sana, sitabisha. Ila tui zito lina mafuta mengi. Huku bara tuna njia nyingine.

Yamechemka saa nzima na bado magumu

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Pitia sababu hizi kwa mpangilio zilivyo, usirukie magadi.

Ya kwanza ni kuloweka. Ama hayakulowekwa, ama yalikaa majini saa mbili tatu mtu akaona inatosha. Chukua punje moja, tazama ngozi yake: iwe imenyooka, bila mikunjo. Ikate katikati kwa kisu. Ndani ikiwa na rangi moja, tayari. Kukiwa na sehemu kavu yenye weupe wa chaki, rudisha majini. Saa 8 hadi 12 hutosha. Tia chumvi kwenye maji hayo ya kuloweka, vijiko viwili vya chai kwa lita, kisha asubuhi yamwage na usuuze. Najua umeambiwa chumvi hukaza maharage. Kinachotokea ni kinyume: sodiamu ya chumvi hukaa mahali pa madini ya kalisi na magnesi yanayoshikilia ngozi, na ngozi hulainika bila kupasukapasuka. Loweka usiku, si mchana wa jua kali, la sivyo utakuta povu na harufu ya kuchacha.

Ya pili ni nyanya kuingia mapema. Mtu anakaanga kitunguu na nyanya kwanza, anamwaga maharage mabichi juu yake, anaongeza maji na kwenda zake. Tindikali ya nyanya, ya limau au ya ukwaju huzuia kuta za punje zisilegee, na unaweza kuchochea sigiri mpaka jioni. Sheria ni moja: hakuna kitu kichachu chunguni mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili bila nguvu. Kama umeshakosea, ongeza maji ya moto, punguza haraka zako, na tia magadi ya kuokea, robo kijiko cha chai, usizidishe.

Tatu, maharage ya zamani. Haya yanawatesa watu wa mjini zaidi, kwa sababu gunia linaweza kukaa ghalani misimu miwili kabla halijafika kwenye tumpeko, kile kikombe cha kupimia cha muuzaji. Maharage yaliyokaa kwenye joto na unyevu hubadilika ndani: kalisi na magnesi huachiliwa na kuziganda kuta za chembe, na hapo hata kuloweka hakusaidii sana. Dalili ni rangi. Nambale, aina ya maharage yenye mabaka, ikiwa mpya, sehemu isiyo nyekundu huwa ya krimu. Ikizeeka inaelekea kahawia. Maharage mapya huingia sokoni kuanzia Juni hivi na tena kuanzia Desemba. Nje ya miezi hiyo, nunua tumpeko moja kwanza, ipike, ndipo urudi kununua kilo kumi. Muuzaji yeyote wa Kisenyi, Kampala, atakuapia kuwa ni ya msimu huu. Anafanya biashara, msamehe, lakini jiko lako ndilo shahidi.

Nne, umenunua mchanganyiko. Ukikuta punje zimepasuka na kuwa uji huku nyingine bado kokoto, huna tatizo la moto, una aina mbili au tatu katika mfuko mmoja. Kanyebwa huiva haraka na kuachia mchuzi mzito. Nambale kubwa, kama K132 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1994, ina nyama nyingi na hufaa sana kwa rojo, ila inataka muda. Zile ndogo za mistari, K131 na ndugu zake, zina tabia yao. Chambua kwa rangi na ukubwa kabla ya kuloweka. Ikiwa zimeshapikwa pamoja, ponda zilizoiva, acha ngumu ziendelee kwenye mchuzi huohuo kwa moto mdogo, ukikoroga mara kwa mara.

Maji magumu ni sababu ya wachache, hasa wanaotumia kisima cha pampu ya mkono, nayikondo. Utayajua: sabuni haitoi povu, na birika lina ukoko mweupe ndani. Jaribu kupika chungu kimoja kwa maji ya mvua. Kama tofauti ni kubwa, umepata mchawi wako. Kuyachemsha maji ya kisima, kuyaacha yatulie na kumimina ya juu kunapunguza sehemu ya ugumu huo.

Na mwinuko. Hili halizungumzwi ipasavyo. Kampala iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, yanachemka kwenye 93. Kwa hiyo maelekezo ya mpishi wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako maji hufika nyuzi 100, hayatakutoshea Kigezi, huko milimani kwa Kabale, hata ukiyafuata neno kwa neno. Nambale iliyolowekwa inaweza kuchukua saa moja hadi moja na nusu Kampala; ukiwa Kabale au Kisoro usishangae ikizidi hapo. Dawa halisi ya mwinuko ni sufuria ya presha: dakika 15 hadi 25 kwa yaliyolowekwa, kama 45 kwa makavu.

Magadi nayaweka mwisho makusudi. Chumvi ya mawe ya Katwe na magadi ya dukani vinalainisha kweli, kwa sababu vinaondoa tindikali majini. Lakini vinaharibu vitamini B1, na vikizidi maharage yananukia sabuni. Pia havijui kipimo: bonge la chumvi ya mawe leo si kali kama la jana. Yatumie kwa maharage yaliyozeeka tu, au pale nyanya ilipoingia mapema.

Acha hapa: yaliyolowekwa yakichemka saa tatu na kiini bado kigumu, usiendelee kuchoma makaa. Hayo hayaivi kwa sigiri. Yaweke kwenye sufuria ya presha, au yamenye ngozi na kuyasaga kabla ya kuyarudisha motoni.

Na kuna kusimama kwingine kusiko na mjadala. Maharage yenye rangi ya bandia inayotoka kwenye vidole, waridi, nyekundu au kijani, ni mbegu za kupanda zilizopakwa dawa. Hayaliwi, hata yakioshwa mara saba. Vilevile ukikuta vidonge au unga wa kijivu ndani ya gunia, au harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, hiyo ni dawa ya fukusi. Usipike, usiwape kuku, usilale na gunia hilo chumbani. Litoe nje, ondoka karibu nalo, mpigie ofisa kilimo wa eneo lako. Aliyekwisha kula na kuanza kutapika au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja, na mfuko uende naye.

Yameiva, lakini mchuzi ni maji

Sasa tumefika kwenye rojo lenyewe. Ukipata swali hili, kwanza funua sufuria uhesabu maji. Mara nyingi kosa ni hilo tu: maji yaliyozidi. Baada ya kuiva, maji yawe yanazifikia punje, yasizizamishe kwa zaidi ya upana wa vidole viwili. Yakizidi, acha wazi bila kifuniko kwa moto wa wastani yapungue. Usiyamwage. Hayo ndiyo yaliyobeba wanga na ladha.

Maji yakiwa sawa na bado mepesi, basi hujaponda. Toa theluthi moja ya maharage, yaponde kwa mwiko ubavuni mwa sufuria au yapige kwa upekecho, yarudishe, chemsha dakika kumi. Utaona mchuzi unavyobadilika rangi na kuanza kushika mwiko. Watu wanaponda vijiko viwili, wanasema haifanyi kazi. Theluthi nzima. Anayetaka laini kabisa aponde nusu.

Kama theluthi imepondwa na mchuzi una chengachenga badala ya kulainika, rudi sehemu ya kwanza: hayajaiva kiini. Punje ya nusu mbichi hutoa mchanga, haitoi rojo.

Ngozi nazo huchangia, hasa kwa aina zenye ngozi nene. Watu wa Toro na Ankole walitatua jambo hili zamani kwa firinda: maharage yanalowekwa mpaka ngozi ilegee, yanamenywa kwa kusuguliwa kati ya viganja, ngozi zinaelea na kumwagwa, ndipo yanapikwa na kupondwa mpaka yawe laini tupu. Kwa desturi hutiwa samli, lakini ukweli ni kwamba firinda iliyopondwa vizuri haihitaji samli ili iwe laini. Samli ni harufu na heshima ya mgeni. Kijiko cha chai kimoja juu ya bakuli wakati wa kupakua hutosha kwa yote mawili. Kazi ya kumenya ni ndefu. Fanya Jumapili, ukiwa na watoto wa kukusaidia.

Ukitaka kuongeza uzito bila kuongeza mafuta, vitu vya sokoni ni vingi: kipande cha malenge, kiazi mviringo kimoja, karoti mbili, bilinganya lililomenywa. Kipike humohumo mpaka kilegee, kiponde pamoja. Malenge huleta utamu, kwa hiyo ongeza pilipili au tangawizi kusawazisha. Sipendekezi unga wa ngano wala wa mahindi. Mchuzi unakuwa mzito, sawa, lakini ladha inakuwa ya uji.

Karanga zilizosagwa na odii ya kaskazini, yaani karanga na ufuta vilivyosagwa pamoja, ni suala la kupima mwenyewe. Ni tamu mno ndani ya maharage, ila karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Kijiko kimoja kwa sufuria nzima, si kwa kila sahani. Na karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe zote, usichague zilizo nzuri. Sumukuvu haionekani kwa macho na moto wa jikoni hauimalizi.

Maziwa yamekatika ndani ya mchuzi

Wanaotia maziwa ili kupata ulaini hulalamika kuwa yamegeuka mabonge meupe yanayoelea. Chanzo kikubwa ni tindikali ya nyanya kukutana na maziwa kwenye moto mkali. Epua sufuria au punguza moto kabisa. Chota mchuzi wa moto kidogo, uchanganye na maziwa kwenye bakuli, kisha rudisha taratibu huku ukikoroga. Usiache ichemke tena. Tia maziwa baada ya kuponda, kwa sababu wanga husaidia kuyashikilia yasikatike.

Mafuta yasikurudie kwa mlango huu. Chemsha maziwa asubuhi, yaache yapoe, toa malai yote ya juu, ndipo uyatumie. Mtindi, au bongo kama tunavyoununua dukani, nao unafaa, lakini utie sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Maharage ambayo maziwa yameshakatika bado yanalika, ni sura tu. Yapige upekecho kwa nguvu, nusu ya tatizo itapotea. Isipokuwa kama maziwa yenyewe yalikuwa yameharibika tangu mwanzo, hapo mwaga.

Hayana ladha tangu nipunguze mafuta

Usijidanganye, mafuta hubeba harufu, na ukiyapunguza lazima ufidie. Kosa la kwanza ni chumvi kuingia mwisho kabisa, ikabaki kwenye mchuzi huku punje ikiwa dufu. Tia sehemu yake punje zinapoanza kulegea.

La pili ni kitunguu kilichochemshwa badala ya kukaangwa. Kwa kijiko kimoja cha mafuta inawezekana kabisa: pasha sufuria nzito, tia kitunguu kilichokatwa vyembamba, funika. Kikianza kushika chini, nyunyizia maji vijiko viwili, koroga, kwangua ule ukahawia, funika tena. Rudia mpaka kiwe cha rangi ya asali. Hapo ndipo kitunguu saumu, tangawizi, bizari na nyanya vinaingia kwa mpangilio huo, na nyanya zikaangwe mpaka zipoteze harufu ya ubichi. Mchanganyiko huo ndio unaomiminwa kwenye maharage yaliyokwisha kuiva. Nusu limau na dania mbichi mwisho, baada ya kuepua.

Uchungu? Kitunguu saumu kiliungua. Hautoki, kaanga kitunguu upya. Harufu ya sabuni ni magadi yaliyozidi: mwaga sehemu ya mchuzi, ongeza maji ya moto, matone machache ya limau. Ikiwa bado yanateleza mdomoni baada ya hapo, achana nayo kwa leo.

Yameshika chini

Rojo likishaanza, sufuria nyembamba ya alumini juu ya makaa mekundu haina subira. Usikoroge ukwangua chini! Hamisha ya juu kwenye sufuria nyingine, acha yaliyoganda yalipo, onja. Harufu ya moshi ikiwa ndogo, kitunguu kibichi kilichosuguliwa na tangawizi vitaificha. Ikiwa ni kali, hakuna kinachoiondoa. Kuanzia unapoponda, punguza makaa mpaka nusu na ukoroge kila dakika chache.

Wapo wanaoacha sufuria juu ya sigiri usiku, mlango na madirisha yakiwa yamefungwa, ili yaive taratibu. Hapa naomba usikie vizuri: makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu katika chumba chenye sigiri, toka nje kwanza, wengine watolewe, kisha hospitali. Sigiri hailali ndani ya nyumba na watu.

Wali

Kwanza jua umenunua mchele gani. Supa una punje ndefu na harufu, na hutoka ukiwa umeachana hata bila mafuta ukiupika vizuri. Kaiso una punje fupi nene na kwa asili hushikana. Ukiulazimisha uachane utalia bure. Mchele wa mabwawa ya mashariki, Doho kule Butaleja au Kibimba kule Bugiri, na ule wa nchi kavu, kila mmoja hunywa maji kwa kiasi chake, na wa msimu mpya hunywa pungufu kuliko uliokaa. Kwa hiyo kipimo cha jirani ni pa kuanzia tu. Kikombe kimoja cha supa anza na maji kikombe kimoja na robo tatu; kaiso anza na kimoja na nusu, uongeze kwa kunyunyizia ikibidi.

Bokoboko: maji yamezidi, au ulikoroga wakati unachemka, au hukuosha. Osha mara mbili tatu mpaka maji yapungue weupe. Ukiwa umeshaharibika, funua, uweke kwenye moto mdogo sana dakika chache unyevu utoke, na usiuguse. Kwa maharage ya rojo, wali uliolegea kidogo si msiba, hata kama mama mkwe atasema neno.

Kiini kigumu, nje laini: maji yalikauka kabla ya mvuke kufanya kazi. Nyunyizia robo kikombe cha maji ya moto, funika kwa jani la mgomba chini ya kifuniko ili mvuke usitoroke, rudisha kwenye moto mdogo dakika kumi. Watu wa nyanda za juu waongeze maji kidogo na muda tangu mwanzo, kwa sababu ileile ya maharage.

Chini ukoko, juu mbichi: moto wote uko chini. Maji yakikauka, punguza makaa, weka machache juu ya kifuniko, uupalie. Hii inafanya kazi ambayo wengi huiachia mafuta, na wali hupata harufu nzuri zaidi. Ukishaiva, uache umefunikwa dakika kumi nje ya moto kabla ya kuufunua.

Mchele unaokaushwa kandokando ya barabara huja na mawe. Pepeta, chambua mchana kwenye sinia nyeupe, kisha tikisa kwenye maji mengi na kumimina taratibu, mawe yabaki chini. Jino likikatika, ni daktari wa meno, si karafuu.

Tumbo

Gesi baada ya maharage ni kawaida. Inatokana na sukari ambazo utumbo hauzimeng'enyi, bakteria huzichachusha. Loweka, mwaga maji ya kuloweka, pika mpaka yaive kabisa, na asiyezoea aanze na kiasi kidogo. Kwa wengi mwili huzoea baada ya muda.

Kutapika ni jambo lingine. Ikianza kati ya saa moja na tatu baada ya kula, na hasa kama maharage yalikuwa mekundu na magumu kidogo, shuku sumu ya asili iliyo ndani ya maharage mabichi. Inavunjwa na mchemko wa kweli: dakika 10 za kutokota kwa nguvu ndizo za chini kabisa, mimi nasema 30. Joto la chini ya nyuzi 80 haliivunji, na punje iliyopashwa kidogo inaweza kudhuru kuliko mbichi. Ndiyo maana wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa makaa lazima wachemshe maharage kwa nguvu nusu saa kwanza, ndipo wayafunge. Kikapu hicho ni kizuri, nakipenda, lakini hakichemshi, kinahifadhi tu.

Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya saa chache. Nenda kituo cha afya bila kusubiri kama ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee. Kama kuna damu, homa, au mtu hawezi kushikilia hata maji. Kama mkojo umepungua na macho yameingia ndani. Na mwenye ugonjwa wa figo asianze kula maharage mengi kila siku kwa kuwa amesikia hayana mafuta. Yana potasiamu nyingi. Daktari wake au mtaalamu wa lishe ndiye wa kuamua. Mwenye kisukari naye awe makini na kiasi cha wali kuliko cha maharage.

Yamechacha asubuhi

Povu, harufu kali, nyuzi zinazovutika: mwaga, kuchemsha upya hakuyaokoi. Maharage ya rojo hupoa polepole kwa sababu ya uzito wake, na sufuria kubwa iliyofunikwa huwa na uvuguvugu usiku kucha. Yagawe kwenye vyombo vifupi, yapoe, yaingie friji ndani ya saa mbili. Usipokuwa na friji, pika ya siku hiyo, na uhifadhi maharage yaliyochemshwa bila nyanya wala maziwa, uyachemshe tena kabla ya kulala na asubuhi. Wali ni hatari zaidi ya unavyodhani: una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili mchemko, na sumu vinayoacha kwenye wali uliolala mezani haiondoki kwa kupasha moto.

Sufuria ya presha inagoma

Haipandishi presha: kagua mpira wa kifuniko, uko mahali pake, haujapasuka, hauna punje iliyonasa. Kisha tundu la mvuke. Maharage hutoa povu linaloliziba. Ndiyo sababu maharage na maji pamoja visizidi nusu ya sufuria. Safisha tundu kwa sindano sufuria ikiwa baridi.

Kifuniko kikikataa kufunguka, usitumie nguvu wala kijiko cha kubandulia. Bado kuna presha. Zima, acha ipoe yenyewe, hata kama wageni wameshanawa mikono. Ikitoa mvuke pembeni mwa kifuniko, au vali ya usalama imeruka, au kifuniko kimepinda, isitumike tena mpaka fundi anayejua sufuria hizo aikague na kuweka vipuri vyake halisi. Mpira wa kukata kwenye tairi si kipuri. Ya umeme inayotoa cheche, kukata umeme kwenye soketi au kunukia plastiki inayoungua, ichomoe na umpelekee fundi umeme. Na ukisikia harufu ya gesi jikoni, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje ndipo umpigie aliyekuuzia mtungi.